Ujumbe umekwama wapi? Kutatua matatizo ya seva yako ya kwanza ya XMPP

Umesakinisha Prosody, programu ya seva ya ujumbe, umefungua akaunti mbili za majaribio, umeweka Conversations, programu ya kuandikiana, kwenye simu, na sasa simu imekaa tu inazungusha: inaunganisha, inaunganisha. Hapo ndipo wengi hufuta kila kitu na kuanza moja. Nakuomba usifute. Natunza seva ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na nimewasaidia jamaa kadhaa kusimamisha za kwao, na ni mara chache mno nimekuta ubovu uko ndani ya Prosody yenyewe. Karibu kila mara ujumbe umekwama njiani: jina la kikoa linaelekeza kwingine, poti imefungwa, cheti hakisomeki, saa imerudi nyuma, au simu imeiua programu ili kuokoa betri. Ukisakinisha upya, njia inabaki na ubovu wake ule ule, na jioni yako imekwenda.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata safari ya ujumbe tangu unapotoka kwenye simu. Nimetumia mfumo wa Linux wa Debian 12 na Prosody 0.12. Kikoa nimekiita kikundi.example, weka chako. Wenye seva za aina nyingine, ejabberd au Openfire, watakuta amri ni tofauti ila safari ni hiyo hiyo, maana zote zinazungumza XMPP, itifaki iliyozaliwa kwenye mradi wa Jabber ambao Jeremie Miller aliutangaza mwaka 1999, ikawa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2004. Anwani zake zimekaa kama za barua pepe, mfano mhazini@kikundi.example, na seva moja inaweza kuongea na nyingine yoyote. Ndiyo sababu naipenda: kikundi kinamiliki anwani zake na kumbukumbu zake, na programu zote ni huria.

Mistari mitatu ya kutazama

Fungua dirisha la terminali kwenye seva na uliache hapo muda wote:

sudo tail -f /var/log/prosody/prosody.log

Sasa shika simu, bonyeza kuunganisha, na tazama logi, yaani daftari la matukio ya seva. Mambo yakienda sawa utaona mistari mitatu kwa mfuatano: "Client connected", kisha "Stream encrypted", kisha "Authenticated as". Wa kwanza unasema simu imefika mlangoni. Wa pili unasema cheti kimekubalika na mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji. Wa tatu unasema akaunti na nenosiri ni sahihi.

Tazama umeishia mstari gani. Kama hakuna hata mmoja, usihangaike na nenosiri wala cheti, simu haijafika. Kama wa kwanza upo na wa pili haupo, achana na mambo ya poti. Ukiwa na mazoea ya kuanzia hapa, nusu ya kazi imekwisha.

Seva yenyewe haiwaki

Amri ya kwanza ni sudo systemctl status prosody. Ikisema "failed", soma sababu kwa sudo journalctl -u prosody -n 30. Faili ya mipangilio, /etc/prosody/prosody.cfg.lua, imeandikwa kwa lugha ya Lua, na Lua haina msamaha. Kosa ninalokutana nalo kuliko yote linasomeka hivi:

'}' expected (to close '{' at line 33) near '"mam"'

Anayeliona mara ya kwanza hukimbilia mstari wenye "mam" na kuukodolea macho, na mstari ule hauna kosa. Lua imefika hapo ndipo ikashtuka. Kosa liko mstari wa juu yake, ambapo moduli imeandikwa bila nukta mkato au mkato mwishoni. Kwa hiyo ukitajiwa mahali, anza kusoma mstari uliotangulia.

Chanzo cha pili ni alama za kunukuu. Ukinakili mipangilio kutoka kwenye hati iliyoandikwa kwa programu ya uandishi, alama zilizonyooka huwa zimegeuzwa kuwa zile zilizopinda, na Lua haizitambui. Kwa macho zinafanana sana. Zifute na uziandike upya kwa mkono.

Cha tatu hakiizuii seva kuwaka, ndiyo maana kinasumbua: umeweka mpangilio wa jumla chini ya mstari wa VirtualHost, ule unaotaja kikoa chako. Kila kitu kilicho chini ya VirtualHost kinahesabiwa kuwa cha kikoa hicho peke yake, na mingine inapuuzwa kimya kimya. Hili utalikamata kwa:

sudo prosodyctl check config

Iendeshe kila baada ya kubadilisha kitu.

Logi kimya, simu haifiki

Jina kwanza. Simu inapopewa anwani mhazini@kikundi.example, inauliza DNS, yaani kitabu cha majina cha intaneti, rekodi ya aina ya SRV ili ijue seva ya kikoa hicho iko wapi. Uliza swali lile lile:

dig +short SRV _xmpp-client._tcp.kikundi.example

Jibu zuri linafanana na hili: 0 5 5222 xmpp.kikundi.example. Yaani nenda kwenye mashine inayoitwa xmpp.kikundi.example, gonga poti 5222. Kama hakuna jibu, simu inaangukia kwenye anwani ya kawaida ya kikoa. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu tovuti ya kikundi iko kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti na seva ya ujumbe iko pengine. Simu inakwenda kubisha hodi kwenye tovuti, na huko hakuna wa kuitika.

Kuna kosa dogo kwenye kurasa za kusimamia DNS ambalo limenila saa nyingi. Baadhi zinaongeza jina la kikoa zenyewe mwishoni mwa unachoandika, kama hukumalizia na nukta. Ukiandika xmpp.kikundi.example, inahifadhiwa xmpp.kikundi.example.kikundi.example. Soma jibu la dig mpaka mwisho wake. Hakikisha pia rekodi ya SRV inaelekeza kwenye jina lenye anwani ya kweli, isiwe jina lingine la bandia la CNAME. Na kama umebaki na rekodi ya AAAA (ya anwani ya IPv6) ya zamani inayoelekeza kwenye mashine iliyokufa, ifute, maana simu zilizo kwenye mtandao wa IPv6 zitakwama wakati wengine wanapita.

Jina likiwa sawa, njoo kwenye poti. Ndani ya seva:

sudo ss -tlnp | grep 5222

Kisha kutoka nje, kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa data ya simu na si kwa mtandao ule ule wa seva:

nc -vz xmpp.kikundi.example 5222

Tofautisha majibu mawili hapa. "Connection refused" ni habari nzuri kiasi: umefika kwenye mashine, ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Ikikaa kimya hadi muda uishe, kuna fayawoli imemeza ombi lako. Fungua poti 5222 kwa ajili ya simu, 5269 kwa ajili ya seva nyingine, na 5281 kwa ajili ya picha na mafaili:

sudo ufw allow 5222,5269,5281/tcp

Ukiwa umekodi seva, kumbuka kampuni nyingi zina fayawoli ya pili kwenye ukurasa wao wa usimamizi, nje ya mashine yako. Ya ndani ikiwa wazi na ya nje imefungwa, dalili ni ile ile ya kimya.

Seva iko nyumbani, na umefungua poti kwenye ruta, bado kimya

Hili nalitenga kwa sababu kwetu linawapata watu wengi. Ukiwa na intaneti ya laini ya simu au ya ruta ya 4G, mara nyingi huna anwani yako mwenyewe ya intaneti. Kampuni inawapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani iliyoandikwa WAN, halafu kwenye seva andika:

curl -4 ifconfig.me

Kama namba hizo mbili hazifanani, au ya WAN inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya ukuta wa kampuni. Ruta yako ungeifungua poti zote, mgeni hawezi kufika, kwa kuwa mlango uliofungwa si wako.

Njia ya uhakika ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma. Prosody ni nyepesi, mashine ya kiwango cha chini kabisa inaitosha kwa kikundi cha watu hamsini. Anayetaka data ibaki nyumbani kwake anaweza kukodi hiyo ndogo kama mlango tu, akaiunganisha na mashine ya nyumbani kwa WireGuard, programu ya handaki la siri la mtandao, na kupitisha poti ndani ya handaki hilo. Weka PersistentKeepalive = 25 upande wa nyumbani, la sivyo handaki litalala na ujumbe kutoka nje hautaingia mpaka seva ya nyumbani iamke kutuma kitu yenyewe.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hii lakini chanzo chake ni kingine: simu inaunganika vizuri ukiwa kwenye data, ukiingia kwenye Wi-Fi ya nyumbani inakatika. Ruta nyingi haziwezi kumpokea mtu wa ndani anayekuja kwa anwani ya nje. Kama ruta ina sehemu ya DNS ya ndani, ielekeze xmpp.kikundi.example kwenye anwani ya ndani ya seva, mfano 192.168.1.20.

Na kama simu inafika kutoka kila mahali isipokuwa ofisini kwa mtu mmoja au hotelini, mtandao huo unaruhusu poti chache tu. Fungua mlango wa pili wa TLS (usimbaji wa njia) ya moja kwa moja kwenye poti 443 kwa mpangilio wa c2s_direct_tls_ports, uongeze rekodi ya SRV ya _xmpps-client, na programu za kisasa zitaijaribu zenyewe. Hakikisha tu poti hiyo haijakaliwa na tovuti.

Imefika, lakini haivuki "Stream encrypted"

Hapa ni cheti, ile hati ambayo seva inaonyesha kuthibitisha jina lake. Yanayotokea ni matatu au manne, na la kwanza ni la ruhusa. Certbot, programu ya kuomba vyeti, anapochukua cheti cha Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, anakiweka mahali panaposomwa na root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake. Prosody haiendeshwi na root, inaendeshwa na mtumiaji wake anayeitwa prosody. Kwa hiyo cheti kipo, ni halali, wewe unakiona, na Prosody haikioni. Logi itakuwa na maneno "Check that the permissions allow Prosody to read this file". Usilegeze ruhusa za folda ya Let's Encrypt, ufunguo wa siri uko humo. Tumia amri iliyotengenezwa kwa kazi hii:

sudo prosodyctl --root cert import /etc/letsencrypt/live

Inanakili vyeti kwenda kwenye folda ya Prosody kwa ruhusa sahihi. Lakini vyeti hivi vinaishi siku 90, na nakala haijisasishi yenyewe. Weka amri hiyo hiyo ndani ya skripti kwenye /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/ na uipe ruhusa ya kuendeshwa. Usipofanya hivyo, baada ya miezi mitatu kikundi kizima kitakatika siku moja, Certbot akionyesha cheti kipya na Prosody ikiendelea kutoa kile kilichokufa. Ukikuta simu zote zimekataa kwa pamoja asubuhi moja bila wewe kugusa kitu, anza kwa kutazama tarehe:

openssl s_client -connect xmpp.kikundi.example:5222 -starttls xmpp -xmpphost kikundi.example < /dev/null | openssl x509 -noout -subject -enddate

Amri hiyo hiyo inakuonyesha tatizo la pili, la jina. Cheti lazima kiwe na jina lililo nyuma ya alama ya @, yaani kikundi.example. Watu huomba cheti cha xmpp.kikundi.example kwa sababu ndilo jina la mashine, na simu inakikataa. Iko sahihi kukikataa: mtumiaji aliahidiwa anaongea na kikundi.example. Ongeza na majina ya vijisehemu, conference.kikundi.example ya makundi na upload.kikundi.example ya mafaili.

Sasa kama tovuti ya kikundi.example iko kwa kampuni nyingine, Certbot wa kwenye seva yako hataweza kuthibitisha kwa njia ya kawaida ya HTTP, kwa sababu uthibitisho unakwenda kwenye tovuti. Tumia uthibitisho wa DNS, ambao unaweka rekodi ya TXT. Tafuta kiongezi cha Certbot kinachoelewana na mwenye DNS wako ili usasishaji ujifanye wenyewe. Kwa mkono inawezekana, ila ni kazi ya kurudia kila baada ya siku 90, na siku moja utakuwa msibani au safarini.

Kama ni simu moja tu inayokataa, tazama simu. Simu iliyozimika kabisa kwa siku nyingi inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na cheti kikaonekana bado hakijaanza kutumika. Weka tarehe ijisahihishe kwa mtandao. Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 zina shida nyingine: orodha yao ya ndani haina cheti mama cha sasa cha Let's Encrypt kiitwacho ISRG Root X1. Sasisha programu ya ujumbe kwanza. Ikishindikana, kaa na mwenye simu, linganisheni alama ya cheti na ile ya kwenye seva, ndipo akikubali kwa mkono. Asizoee kubonyeza "kubali" bila kulinganisha.

Cheti sawa, akaunti inakataliwa

Ni mambo madogo. Mtu ameandika "mhazini" badala ya anwani nzima. Kibodi ya simu imeongeza nafasi mwishoni mwa jina. Au akaunti ilifunguliwa kwenye localhost, ile VirtualHost inayokuja na Prosody, badala ya kikoa chenu. Logi au simu ikisema "This server does not serve kikundi.example", VirtualHost yako ina jina tofauti, lazima ifanane na kilicho nyuma ya @, herufi kwa herufi. Nenosiri libadilishe kwa sudo prosodyctl passwd mhazini@kikundi.example na ujaribu tena.

Ujumbe hauingii mpaka ufungue programu

Hii ndiyo lalamiko litakalokufuata kuliko yote, na usipolitatua watu watarudi walikotoka. Wana haki. Mweka hazina wetu aliandika saa mbili asubuhi kwamba kikao kimehamia mahali pengine. Watu watano waliuona ujumbe saa saba, walipofungua programu kwa mambo yao. Waliona seva haifai. Seva ilikuwa na rekodi ya kila mmoja, imekaa inasubiri.

Simu nyingi za Android za bei ya kawaida huja na mfumo mkali wa kuokoa betri. Zima skrini dakika chache, programu inayotunza muunganisho wake inauawa. Kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu yako, nenda kwenye betri, chagua isibanwe. Kisha tafuta sehemu ya kujiwasha yenyewe na uiruhusu. Baadhi ya simu zimeificha ndani ya programu ya "msimamizi wa simu". Mwisho, fungua orodha ya programu zilizo wazi na uifunge kwa kikufuli kama simu ina kikufuli hicho. Nimejifunza kufanya haya matatu mwenyewe, simu ya mtu ikiwa mkononi mwangu, siku ile ile ninayomfungulia akaunti. Maelezo ya kutumwa hayatoshi, menyu zinatofautiana mno.

Upande wa seva, hakikisha moduli ya smacks imewashwa. Hiyo ndiyo inayoiwezesha simu iliyopotea mtandao kwenye daladala kurudi na kuendelea pale ilipoishia bila kupoteza ujumbe. Tangu Prosody 0.12 inakuja nayo. Ukiwa na toleo la 0.11 la Debian 11, isakinishe kupitia kifurushi cha prosody-modules. Ongeza csi_simple, inayozuia seva kuiamsha simu kwa vitu visivyo vya haraka. Kwa wenye iPhone unahitaji pia cloud_notify, kwa sababu iOS hairuhusu programu kukaa na muunganisho nyuma ya pazia. Kwenye Debian 12 nayo inatoka prosody-modules. Monal ndiyo ninayowapa wa iPhone.

Umeme ukirudi, ujumbe unapotea juu

Hili silioni likiandikwa mara nyingi, na lilinichukua wiki mbili kulielewa. Seva yetu ya kwanza ilikuwa Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo, chini ya meza. Umeme ulikatika saa nne usiku, ukarudi alfajiri. Asubuhi watu wakasema kundi limekufa, wanaandika na hawaoni kitu. Nikafungua simu yangu, nikapandisha mazungumzo juu, nikaukuta ujumbe wa asubuhi hiyo umejipanga katikati ya mazungumzo ya jana usiku, umeandikwa 22:14.

Pi 3 haina saa yenye betri. Ikiwaka inaanza na muda wa mwisho iliouhifadhi, halafu inasubiri intaneti ili ijisahihishe. Ruta yetu ilikuwa inachelewa kuliko Pi. Katika dakika hizo Prosody ilikuwa imeshawaka na kupokea ujumbe wa walio kwenye Wi-Fi ile, ikiuhifadhi kwa saa ya jana. Kisha simu nyingine zilipokuja na kuuliza "nipe yaliyoandikwa tangu mara ya mwisho", ujumbe huo ulionekana wa zamani na haukutolewa.

Thibitisha kwa timedatectl; tafuta mstari wa "System clock synchronized". Dawa ya kwanza ni kuilazimisha Prosody isubiri saa:

sudo systemctl enable systemd-time-wait-sync
sudo systemctl edit prosody

Kwenye faili itakayofunguka andika:

[Unit]
Wants=time-sync.target
After=time-sync.target

Ubaya wake ni kwamba intaneti isiporudi, Prosody haiwaki hata kwa walio ndani ya nyumba. Dawa niliyobaki nayo ni kipande cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge, kinachochomekwa kwenye pini za Pi. Tangu nikiweke, tatizo halijarudi.

Simu moja inasoma, nyingine haisomi

Mtu ana simu na kompyuta. Kama kompyuta haioni alichoandika kwa simu, carbons, moduli ya kunakili ujumbe kwenye vifaa vyote, haijawashwa. Kama haioni yaliyopita wakati imezimwa, ni mam, moduli ya kumbukumbu. Angalia mstari wake kwenye orodha ya moduli usiwe umefungwa kwa vistari viwili vya -- mbele. Kwa makundi kuna ndugu yake, muc_mam, inayowekwa chini ya Component ya conference. Jua pia kwamba mam kwa kawaida inatunza wiki moja tu. Mkitaka mwezi, andika archive_expires_after = "1m".

Kama ujumbe unaonekana lakini badala ya maneno kuna sentensi ya Kiingereza inayosema umetumiwa ujumbe wa OMEMO, hapo ni usimbaji. OMEMO inafunga ujumbe kwa ajili ya kila kifaa kinachojulikana wakati wa kutuma. Kifaa kilichoongezwa leo hakitausoma wa jana, na hakuna wa kukusaidia, hata mwenye seva. Ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa ujumbe mpya, hakikisha programu zote mbili zina OMEMO (Conversations, Dino, Gajim na Monal zinayo) na kwamba moduli ya pep, ambamo funguo za vifaa hutangazwa, iko hai. Kwenye makundi, OMEMO inafanya kazi pale tu kundi likiwa la wanachama waliosajiliwa na anwani zao zinaonekana. Kundi lililofunguliwa kama la umma halitaonyesha kufuli, mpaka mwenye kundi abadilishe mambo hayo mawili.

Maneno yanaenda, picha haziendi

Picha haipiti njia ya ujumbe. Inapakiwa kwa HTTPS, kisha kiungo chake ndicho kinachotumwa. Kwa hiyo rudia safari yote ya mwanzo kwa jina la upload.kikundi.example: lina rekodi ya DNS? Poti 5281 iko wazi? Jina limo kwenye cheti? Kama picha ndogo zinapita na kubwa zinakwama, ni kikomo. http_file_share ya Prosody inaruhusu MB 10 usipobadilisha. Ukiwa umeweka nginx, seva ya tovuti, mbele, yenyewe inakata kwenye MB 1 na kurudisha kosa 413, na utaisoma logi ya Prosody bila kukuta chochote, maana ombi halikufika. Ongeza client_max_body_size.

Simu za sauti zikiita, zikapokelewa, na kukawa kimya pande zote mbili, unahitaji seva ya TURN, ya kupitisha sauti katikati. Simu mbili zilizo nyuma ya kuta za mitandao haziwezi kuonana zenyewe. Weka coturn, programu ya kazi hiyo, fungua poti 3478 na zile za UDP ilizopangiwa kupitisha sauti, 49152 hadi 65535 usipozibadilisha, uiunganishe na Prosody kwa turn_external, kisha jaribu kwa sudo prosodyctl check turn. Nywila za TURN hutolewa kwa muda maalumu, kwa hiyo saa mbovu itaziharibu nazo.

Wa seva nyingine hawatupati

Poti 5269, rekodi ya _xmpp-server, na cheti, kwa mpangilio huo. Kosa la "remote server not found" mara nyingi ni DNS. Makundi yakishindwa kwa watu wa nje huku ujumbe wa mtu kwa mtu unapita, conference.kikundi.example haina rekodi yake au haimo kwenye cheti.

Ukikuta logi imejaa akaunti usizozijua, umeacha usajili wazi. Weka allow_registration = false leo, futa akaunti hizo kwa prosodyctl deluser, na wanachama wapya uwafungulie mwenyewe. Seva iliyo wazi hutumiwa na watuma taka, na seva nyingine zikishaifungia kikoa chako milango, kuwabembeleza waifungue ni kazi ya wiki.

Ukifika mwisho wa haya yote na bado umekwama, nakili /etc/prosody na /var/lib/prosody mahali salama kabla ya jaribio lolote la ujasiri. Kisha kusanya mambo manne: toleo lililoonyeshwa na prosodyctl about, jibu la prosodyctl check, mistari ishirini ya logi ya dakika ulipojaribu, na jina la programu ya simu pamoja na toleo lake. Futa manenosiri na anwani za wanachama, halafu uliza kwenye chumba cha watengenezaji wenyewe, prosody@conference.prosody.im. Wanaongea Kiingereza, na ukija na vitu hivyo vinne hawatakuuliza maswali ya kuzunguka.